Oili ya pawa steringi haiishi yenyewe

Kama una gari ya zamani ambayo usukani wake bado unasaidiwa na oili, tuelewane jambo moja kabla hujaenda kununua kopo jingine. Ile oili hailiwi. Injini inaweza kula oili yake kidogo kidogo, ikapita kwenye ringi za pistoni ikaungua ikatokea kwenye ekzosi na wewe usione hata tone chini, lakini usukani hauna pa kuichomea, ni mzunguko umefungwa, oili inatoka kwenye kopo inaenda pampu inaenda raki, lile bomba la chini linalosukuma magurudumu, inarudi kwenye kopo, basi. Ikipungua maana yake imetoka nje, na ukiwa unaongeza kila mara bila kujua inatokea wapi unakuwa unalisha kidonda tu.

Gari yangu imeshafika umri ule ambao kila mpira uliomo umekuwa mgumu kama kucha, na nikiongelea hii liki ushauri ninaopewa ni mmoja, "ongeza tu bwana, gari za zamani ndo zilivyo." Kuongeza naongeza, siwezi kuiacha pampu ikauke, ila nataka nijue. Kwa sababu kuna liki unayoweza kuishi nayo miaka na kuna liki ambayo leo tone, kesho usukani mgumu ukiwa katikati ya makutano, na zote mbili zinaacha doa lile lile chini ya gari.

Ujue kwanza kazi inavyofanyika maana bila hapo utabadilisha vitu hovyo. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inavuta oili kutoka kwenye kopo, inaisukuma kwa presha kupitia hosi nene mpaka kwenye raki, pale chini inapoingia shafti ya usukani kuna valvu, ukikata kulia inafungulia oili upande mmoja wa pistoni iliyomo ndani ya raki, ukikata kushoto inafungulia upande wa pili, na iliyomaliza kazi inarudi kwenye kopo kwa hosi nyingine ambayo presha yake ni ndogo sana. Siyo teknolojia mpya hii, Chrysler waliiweka kwenye Imperial mwaka 1951, na mpaka magari yakaanza kutumia mota ya umeme kwenye usukani kanuni ilikuwa ndo hiyo hiyo.

Sasa angalia hapa: ukiwa unaenda moja kwa moja presha kwenye mfumo ni ndogo, pampu inazungusha oili tu. Ukikata usukani umesimama, presha inaruka. Ukikata mpaka mwisho ukashikilia hapo, inapanda mpaka valvu ya usalama ya pampu ifunguke, na tunazungumzia psi 1000 na kuendelea, wakati tairi ya gari ndogo inabeba psi 30 na kitu. Ndo maana fundi anayeinua gari injini ikiwa imezimwa, anachungulia na tochi, anakwambia "mbona pakavu", hajaona kitu kwa sababu hakuna cha kuona muda huo. Liki nyingi zinajitokeza injini inawaka na mtu yuko ndani anakata usukani kulia na kushoto.

Lakini hata kabla ya hapo hakikisha unachokiona ni oili ya steringi kweli. Gari nyingi zinatumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ambayo ikiwa mpya ni nyekundu, ikichoka inakuwa kahawia, ikichoka zaidi inakuwa nyeusi na kunuka kuungua. Kulanti, ile ya kupoozea injini, ni majimaji na ina harufu tamu tamu. Shida inakuja kwa gari ya otomatiki, maana giaboksi nayo inatumia ATF nyekundu hiyo hiyo, na kwenye gari nyingi paipu zake za kupoozea oili zinapita mbele mpaka chini ya rejeta, yaani jirani kabisa na paipu za steringi, kwa hiyo doa jekundu mbele ya gari halithibitishi chochote. Njia ya kujua ni ya kizembe lakini haikosei: weka alama kwenye kopo la steringi, pima giaboksi kwa stiki yake kwa utaratibu wa gari yako, endesha siku kadhaa, kinachoshuka ndicho kinachovuja. Na ukipima kopo la steringi usilinganishe asubuhi gari ya baridi na jioni gari imetoka safari, oili ikipata moto inatanuka, ndo maana makopo mengi yana mstari wa baridi na mstari wa moto.

Baada ya hapo osha. Naona watu wengi wanaruka hii hatua na ndo inayowagharimu. Huwezi kutafuta liki kwenye gari ambayo chini kote kumeganda tope jeusi la oili na vumbi la miaka, kila kitu kinaonekana kinavuja. Pulizia dawa ya kusafishia grisi, kinga oltaneta (ile inayochaji betri) na mkanda, suuza, acha ikauke kabisa, halafu endesha kidogo tu na urudi uangalie. Unatafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, siyo inapodondokea, kwa sababu oili inateremka na upepo unaisukuma nyuma, tone linaweza kudondoka chini ya miguu ya dereva wakati liki iko kwenye pampu kule mbele. Na tafadhali usipapase hosi ya presha kwa vidole injini ikiwaka. Tundu dogo kama la sindano likitoa oili kwa presha ile inapenya ngozi, na hiyo ni hospitali moja kwa moja hata kama kidonda kinaonekana kadogo. Pitisha kipande cha boksi, kitalowa, umeshajua.

Ikishindikana kabisa kuna rangi maalum unaweka kwenye kopo, unaendesha, halafu unamulika na taa ya zambarau, palipovuja panang'aa kijani. Mimi sijaona haja yake gari ikishaoshwa vizuri, ila kwa injini iliyobanana ambayo huoni hata mkono wako inasaidia.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naona watu wanaipita, buti za raki. Raki ni lile bomba refu la mlalo linalosukuma magurudumu, na kila mwisho wake kuna mpira wenye mikunjo mikunjo kama akodioni, hiyo ndo buti. Watu wanafikiri kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye tairodi, kile chuma kinachounganisha raki na gurudumu, na kweli ndo kazi yake, lakini kwa gari yenye umri buti ndo inayokwambia hali ya ndani. Nyuma ya buti kuna sili inayozuia oili ya raki isitoke kando ya shafti inayoteleza ndani ya raki. Sili ikilika, oili haidondoki chini, inajaa ndani ya buti kwanza. Inaweza kukaa humo muda mrefu tu, wewe unaona kopo linashuka na chini pakavu, unaanza kuamini kwamba oili inaisha yenyewe.

Kwa hiyo ingia chini, gari ikiwa imekaa kwenye stendi siyo jeki peke yake, shika buti kwa mkono uibinye. Buti nzima inarudi hewa tupu, unasikia mpira umeshikamana kidogo na grisi, hiyo ni kawaida. Buti yenye shida ukiibinya unahisi kitu kinahama ndani, kizito, kinakimbilia mkunjo mwingine, na ukilegeza klipu ya upande wa nje ukavuta ule mdomo kidogo inakumwagikia mkononi, nyekundu au nyeusi kutegemea oili ilivyochoka. Hapo hakuna mjadala tena. Na usikimbilie kusema ni sili ya upande huo huo, kwa sababu raki nyingi zina kijibomba chembamba kinachounganisha buti ya kulia na ya kushoto ili hewa ihame raki ikienda huku na huku, na oili nayo ikizidi inapita humo humo ikaenda kutokea upande wa pili. Nimeona mtu anabishana kabisa na fundi kwamba upande uliotengenezwa ndo unaovuja tena, kumbe oili inatoka upande mwingine inasafiri.

Kinachoniuma kuhusu buti ni kwamba yenyewe ndo mara nyingi inaua raki. Buti ikichanika, maji na mchanga vinaingia, ile shafti ya chuma iliyong'arishwa inapata kutu na vitundu vidogo vidogo, halafu kila ukikata usukani vile vitundu vinapita kwenye sili kama msasa. Kipande cha mpira cha bei ndogo kinaachwa kimechanika mwaka mzima, mwisho unanunua raki nzima. Kwa hiyo kama leo gari yako haivuji lakini buti imepasuka, badilisha buti leo.

Hosi nazo. Ya presha inavujaga pale mpira unapoingia kwenye kibano cha chuma, unakuta jasho la oili limezunguka kibano na vumbi limegandia. Hiyo hosi haifungwi na klipu ya kukaza na bisibisi, niamini, presha ile itaitupa nje siku ya kwanza ukiwa unapaki. Ni ama unaweka nyingine iliyobanwa kwa mashine, ama unapeleka ncha zako za zamani kwa wanaotengeneza hosi za haidroliki wakubanie mpira mpya. Ile ya kurudishia ni rahisi zaidi, presha ndogo, klipu inatosha, ila usiweke mpira wa maji ya rejeta hata kama saizi imekubali. Mpira ule haukutengenezwa kwa oili, utavimba na kulainika na utarudi pale pale. Na mwisho wa hosi ya presha ikiwa imefungwa kwa bolti yenye tundu na washa (pete bapa) mbili za shaba au alumini, zile washa ni za kutumia mara moja, weka mpya. Kukaza zaidi bolti iliyovuja kwa washa za zamani ni kukata bolti.

Hosi ya presha inapopita juu au karibu na ekzosi hapo mimi sina mzaha. ATF inawaka moto ikikuta chuma chenye joto la kutosha, na ekzosi karibu na injini inafika nyuzi mamia kadhaa. Ukisikia harufu ya oili inayoungua na moshi mweupe unatoka kwenye boneti baada ya kukata kona kali, hiyo gari isimame.

Halafu kuna ile shida ya ajabu ambayo oili haivuji lakini usukani unalia. Unawasha gari asubuhi unasikia mlio wa "uuuu" unaopanda ukikata usukani, unafungua kopo unakuta oili ina povu. Hapo pampu inanyonya hewa. Upande wa kuingizia oili kwenye pampu hakuna presha, kuna mvuto, kwa hiyo oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, ikiwa ngumu pale hewa inaingia ndani badala ya oili kutoka nje, na unaweza kukagua mwaka mzima usione hata unyevu. Watu wanauziwa pampu mpya kwa ajili ya oringi. Badilisha oringi ya kuingizia kwanza na klipu yake, angalia pia chini ya kopo maana mengi yana kichujio cha wavu ambacho kikiziba na uchafu pampu inalia vile vile. Kama kinatoka kisafishe, kama kimefungiwa ndani ya plastiki badilisha kopo lenyewe. Pampu yenyewe ikiwa mbovu ya sili ya shafti utaijua kwa kuona oili imerushwa kuzunguka puli na mkanda umelowa, na mkanda uliolowa oili unateleza, ukiteleza na oltaneta inakosa mzunguko, unaanza kutafuta ugonjwa wa betri.

Sasa zile dawa za kuziba liki, za kopo. Siwezi kusema ni uongo mtupu. Nyingi kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha mpira wa sili, kwa hiyo kama sili imesinyaa tu kwa uzee na liki ni ya jasho, inaweza kutulia kwa muda. Lakini haiwezi kuziba hosi iliyopasuka, haiwezi kufuta kutu kwenye shafti ya raki, haiwezi kufanya kitu kwenye washa ya bolti, na mpira ukizidi kulainika unaanza kuharibika wenyewe. Kwangu mimi hiyo ni dawa ya gari ambayo umeshaamua unaiuza chuma chakavu. Kama unaipenda hiyo gari achana nayo.

Na aina ya oili, jamani. Mfuniko wa kopo umeandikwa, na kama maandishi yamefutika kitabu cha gari kipo. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF ya Dexron II au III, Honda wanataka oili yao ya steringi na siyo ATF, na magari mengi ya Ulaya yanatumia ile ya kijani, CHF 11S. Ukizigusa kwenye kiganja zinafanana lakini sili zimetengenezwa kwa oili fulani, ukichanganya hovyo unajitengenezea liki mpya ukiwa unatibu ya zamani. Oili ya breki usiimimine humo hata kidogo, hata kwa dharura, hata kwa kilomita moja. Inavimbisha zile sili vibaya na hapo unaweza kubadilisha pampu, raki na hosi zote kwa mpigo.

Ikishathibitika ni raki ndo mtu anaanza kujiuliza, nibadilishe sili tu au raki nzima. Mimi naamua kwa shafti. Raki ikishafunguliwa pitisha ukucha juu ya ile shafti, ukucha ukikwama sehemu yoyote sili mpya ni hela ya bure, itachanwa kabla hujaisahau. Ikiwa laini kabisa inang'aa kama kioo, sili mpya zikifungwa na mtu anayejua, kwenye meza safi, zinadumu. Raki iliyotumika ya gari lililovunjwa siyo wazo baya, lakini zibinye buti zake kabla hujatoa hela, na uvute zile buti uangalie shafti, muuzaji akikataa umeshapata jibu. Kabla ya kufunga raki yoyote mwaga oili yote ya zamani uzungushe mpya ipite, maana ule unga wa chuma na mpira uliomo ndani ya hosi utaenda moja kwa moja kwenye sili ulizonunua.

Fundi wako akiwa anatoa raki mwambie aufunge usukani usizunguke wenyewe, kama gari ina airbag. Kuna waya mwembamba umeviringishwa nyuma ya usukani na una mizunguko yake maalum, usukani ukizungushwa huru raki ikiwa haipo ule waya unakatika na taa ya airbag inawaka. Apime pia tairodi imeingia kiasi gani kabla ya kuitoa ili gari isitoke pale magurudumu yanaangaliana, na bado baada ya hapo gari iende ikapimwe alaimenti, yaani ulalo wa magurudumu.

Kutoa hewa ndo sehemu inayoharakishwa kuliko zote. Jaza kopo, injini ikiwa imezimwa, magurudumu ya mbele yakiwa juu hayagusi chini, kata usukani polepole mwisho hadi mwisho, kama mara 20, mwenzako anaangalia kopo na kuongeza. Mfumo mzima unabeba karibu lita 1 tu kwenye gari nyingi ndogo, kwa hiyo kopo linashuka haraka na likikauka umerudi mwanzo. Mapovu yakiacha kutoka ndo unawasha. Oili ikiwa kama maziwa ya pinki, zima, iache itulie hata nusu saa, rudia. Na ukikata mpaka mwisho usishikilie zaidi ya sekunde chache, hapo pampu inapiga presha yake yote bila kazi na oili inachemka.

Yangu kwa sasa raki kavu, buti mpya, oringi ya pampu mpya. Imebaki jasho kidogo kwenye kibano cha hosi ya presha, iko mbali na ekzosi, kopo limeshuka upana wa mstari tu tangu nilipoweka alama, kwa hiyo nimeiacha na naifuta na kitambaa kila nikifungua boneti. Siku kitambaa kikitoka kimelowa badala ya kuwa na unyevu tu, hosi inatoka.